Basi la mjini kwa Dodoma: chasisi ya lori, injini nyuma au sakafu ya chini?

Swali. *Sisi ni ushirika wa wamiliki wa daladala hapa Dodoma, wengi wetu tuna Hiace na Costa. Tumekubaliana kuuza baadhi ya gari na kununua kwa pamoja mabasi makubwa kumi, yapige ruti ya katikati ya mji hadi Mji wa Serikali Mtumba, na baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mitaa mingine. Tumeletewa mapendekezo matatu: bodi mpya ya mita 11 juu ya chasisi ya lori, injini mbele, basi jipya la mita 12 kutoka China, injini nyuma, springi za upepo, na basi la mjini lililotumika Japani, lenye sakafu ya chini. Mafundi wetu wanataka la kwanza. Abiria, hasa wafanyakazi wa wizara, wanataka wasafiri kwa raha. Lipi litawaridhisha bila kutulaza gereji?*

Jibu. Ndugu mwenyekiti, kwa ruti ya Mtumba chukueni basi la injini nyuma, springi za upepo, na sakafu iliyo chini kuanzia mlango wa mbele hadi mlango wa kati, kisha ipande ngazi moja au mbili kuelekea nyuma, juu ya ekseli na injini. Liwe jipya au lililotumika, hilo litaamuliwa na hali ya gari lenyewe na vipuri vyake, na tutaeleza namna ya kulikagua. Bodi ya mita 11 juu ya chasisi ya lori iacheni kwa ruti hiyo. Kwa mitaa ya ndani ambako lami inaishia njiani jibu linageuka, nako tutafika.

Mafundi wenu wana hoja. Vipuri vya lori vinapatikana mjini, springi za majani zinarekebishwa na fundi wa kawaida, rejeta iko mbele inapigwa na upepo moja kwa moja, na tumbo la gari liko juu. Anayepima uimara kwa kuuliza "likiharibika nitalitengeneza wapi?" atachagua hilo. Lakini kuna swali linalotangulia: ni nini kinachoharibu basi la mjini? Gari la mkoani linamalizwa na kilomita, la mjini linamalizwa na vituo. Linaondoka na kusimama, mlango unafunguka na kufungwa mamia ya mara kwa siku, klachi inakanyagwa bila kupumzika, breki zinapata moto. Mtikisiko unaomchosha abiria ndio unaolegeza viungo vya bodi. Mshtuko wa kuondoka unaomyumbisha aliyesimama ndio unaomaliza klachi. Mlango mwembamba unaomchelewesha mama mwenye mtoto ndio unaomfanya dereva akimbize muda na kuvamia matuta. Kwa hiyo raha ya abiria na uimara wa gari vinatafutwa mahali pamoja, na mkikosa kimoja mara nyingi mtakuwa mmekosa vyote viwili.

Springi na chasisi

Springi ya nyuma ya lori imepimwa kubeba tani nyingi za saruji. Ukiweka juu yake bodi ya basi na abiria ishirini wa saa nne asubuhi, haipati uzito wa kuilainisha, hivyo inarusha. Springi ya majani ikiwa na mzigo mdogo hucheza kama mara 2 hadi 3 kwa sekunde. Springi ya upepo hucheza kati ya mara 1 na 1.5, liwe tupu au limejaa, kwa sababu vali ya usawa inaongeza au kupunguza upepo kulingana na uzito. Mwili wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mitikisiko ya juu-chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na kiwango cha kimataifa ISO 2631 kinaupa ukanda huo uzito mkubwa kuliko mingine. Springi ngumu inaruhusu mitikisiko hiyo ipande hadi kwenye kiti. Laini inaizuia chini. Tofauti hii haitokani na sponji ya kiti. Sponji nene juu ya springi ngumu humpa abiria raha kwa miezi michache, kisha inabonyea na tatizo linarudi lilivyokuwa.

Mahali pa kukaa nako kuna maana. Viti vilivyo kati ya ekseli mbili ndivyo vitulivu. Kwenye basi la mita 12 sehemu inayobaki nyuma ya ekseli ya nyuma hufikia mita 3 na zaidi, na gari likivuka tuta waliokaa mwishoni wanainuliwa kwenye viti. Hili lipo kwa basi la lori na kwa basi la injini nyuma pia, na dawa yake ni mwendo: kilomita 15 hadi 20 kwa saa kwenye tuta, iandikwe kwenye sheria za dereva.

Hatari kubwa ya bodi juu ya lori iko kwenye kurefusha chasisi. Mjenzi akitaka viti vingi anakata chasisi, anaunga chuma, na kusukuma bodi nyuma. Ufa huanzia mahali pamoja karibu kila mara: nyuma ya kishikio cha springi ya nyuma, au pembeni mwa tundu lililotobolewa kwa moto badala ya drili. Mkilazimika kuchukua gari la aina hii, itakeni chasisi yenye urefu wa kiwandani, matundu ya drili tu, na hakuna mstari wa kulehemu unaokatiza ukingo wa juu au wa chini wa boriti.

Springi za upepo zina maadui watatu: maji ndani ya upepo, mchanga kati ya mpira na kikombe chake, na kiungo cha vali ya usawa kilichopinda. Wote wanazuilika. Fungueni vali za chini za matenki ya upepo kila wiki. Ikitoka hewa kavu, mko salama. Yakitoka maji au mafuta meusi, kikausha upepo kimechoka au kompresa inapitisha oili. Katriji ya kikausha ibadilishwe kila mwaka bila kusubiri dalili. Mifuko ya upepo ioshwe kwa maji kila basi linapotoka njia ya vumbi, maana punje za mchanga zinasaga mpira pale unapojikunja. Kipimo cha asubuhi ni rahisi: basi lililozimwa jioni upepo ukiwa umejaa lisiwe limeinama upande mmoja. Likiinama, pakeni sabuni ya maji kwenye viungo vya mabomba na mapovu yatawaonyesha panapovuja. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haihitaji kompyuta.

Sakafu, ngazi na mlango

Hapa ndipo pesa yenu inapaswa kuelekezwa kwanza, kabla ya viyoyozi na televisheni.

Sakafu ya bodi juu ya lori iko karibu mita 1 kutoka chini, maana yake ngazi tatu. Basi la Japani la ngazi moja lina sakafu ya kama sentimita 53 hadi 55. Lile lisilo na ngazi lina sentimita 30 hadi 36, na mengi yanaweza kujiinamisha upande wa mlango kwa sentimita 6 hadi 8 zaidi. Vituo vingi vya Dodoma ni bega la barabara, wakati mwingine liko chini kuliko lami yenyewe, hivyo ngazi ya kwanza ya sentimita 40 inageuka 50. Mzee, mjamzito na mwenye gunia la mahindi wanajua maana yake. Mwendokasi, mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ulioanza Mei 2016, ulitatua jambo hilo kwa kuinua kituo hadi usawa wa sakafu. Palipo na vituo vya aina hiyo sakafu ya juu haina ubaya. Dodoma haina, kwa hiyo sakafu ndiyo ishuke.

Ishuke hadi wapi? Sakafu ya chini kuanzia mbele mpaka nyuma kabisa hatuipendekezi. Inahitaji ekseli ya nyuma ya aina yake, iliyoshushwa katikati, ambayo vipuri vyake ni ghali na havipatikani haraka. Viboksi vya tairi vinakula viti, na tumbo refu la chini linakwaruza kwenye tuta kali. Sakafu inayoishia mlango wa kati inatumia ekseli ya kawaida, fundi wa difu anaifahamu, na abiria asiyeweza kupanda ngazi anapata nafasi mbele. Kabla ya kuagiza, pimeni matuta ya ruti yenu: weka ubao ulionyooka juu ya tuta, pima kimo na upana wake. Tuta la kimo cha sentimita 10 lenye upana wa mita 3 au zaidi linavukika. Tuta jembamba la kimo hicho litagusa bampa la mbele la basi la chini, na hapo lazima basi la ngazi moja lishinde lile lisilo na ngazi. Kwa hali ya barabara za kuingia vituoni, sisi tungeegemea la ngazi moja.

Sasa mlango. Mlango wa jani moja wenye upana wa sentimita 70 unapitisha mtu mmoja kwa wakati, naye hutumia sekunde 2 hadi 3 akiwa hana mzigo, zaidi akiwa nao. Watu 40 wakipanda kituo cha Sabasaba kwa mlango huo, dakika 2 zimekwenda, na wa kushuka hawajashuka. Milango miwili ya upana wa mita 1.2, wa mbele kupandia na wa kati kushukia, inapunguza muda huo kwa nusu. Kondakta akikusanya nauli ndani gari likiwa linatembea, kupanda hakucheleweshwi. Kinachochelewesha ni chenji wakati wa kushuka, kwa hiyo akusanye mapema na aanzie nyuma. Mnaokumbuka Costa yenye viti vya kukunja katikati mnajua abiria wa nyuma akitaka kushuka watu wanne au watano wanasimama kwanza. Gari hilo ni imara sana, lakini mpango huo wa viti haufai kwa vituo vya karibukaribu.

Mlango wa upepo ndicho kifaa kinachosumbua kuliko vyote kwenye basi la mjini. Silinda inavuja, bushi ya juu inalika, vumbi linajaa kwenye reli ya chini. Chagueni mlango unaozunguka kwenye nguzo, uepukeni ule unaoteleza kwenye reli. Takeni pia vitu vitatu kwa maandishi: vali ya dharura ndani na nje, ukingo wa mpira unaorudisha mlango ukimgusa mtu, na kizuizi kinachokataza gari kuondoka mlango ukiwa wazi. Hicho cha mwisho kitamwondoa kondakta anayening'inia, na kitaokoa maisha.

Kwa viti, hesabu ni hii. Basi lenye upana wa mita 2.5 nje lina kama mita 2.35 ndani. Mkipanga viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, kila kimoja sentimita 42, vinachukua mita 2.1, na njia inabaki sentimita 25. Hiyo si njia ya basi la mjini. Wawili kwa wawili kwa sentimita 44 wanaacha karibu sentimita 59. Wawili kwa mmoja sehemu ya mbele, kila kiti sentimita 45, kunabaki mita 1. Mpango mzuri ni wawili kwa mmoja kati ya mlango wa mbele na wa kati, wawili kwa wawili nyuma: viti kama 32 hadi 36. Nafasi kati ya mgongo wa kiti na kiti isipungue sentimita 65, na 70 ni bora. Mtasimamisha watu pia, kwa hiyo wekeni vyuma vya kushika kila baada ya mita moja na nusu. Watu wanne kwa mita ya mraba ni mwendo wa kuvumilika. Sita ni kubanana.

Tukijumlisha: abiria 75 kwa kilo 65 ni karibu tani 4.9, basi tupu la mita 12 lina tani 11 hadi 12, jumla inafika kama 16.5. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele na 10 ekseli ya nyuma yenye tairi nne, kwa hiyo mna nafasi, mradi msigeuze paa kuwa kichanja.

Vumbi, joto na maji ya chumvi

Dodoma haina kutu ya bahari inayokula mabasi ya Dar es Salaam, na hilo ni neema kwa bodi. Adui wa hapa ni vumbi la kuanzia Mei hadi mvua zianze Desemba, na jua.

Injini nyuma inamwondolea dereva na abiria wa mbele joto na kelele, lakini inakaa kwenye wingu la vumbi linaloinuliwa na gari lenyewe. Hapo hoja ya mafundi wenu ina nguvu, na inajibiwa kwa vitu viwili. Kwanza, mdomo wa kuvuta hewa ya injini uwe juu karibu na paa. Ukiwa pembeni ya tairi ya nyuma, chujio litajaa mapema mno na turbo italika mabawa. Pili, rejeta iwe pembeni yenye mlango wake wa kufungulia. Kwenye mabasi mengi kipoza hewa ya turbo kimewekwa mbele ya rejeta, na vumbi linakwama katikati yao mahali pasipoonekana. Rejeta inaonekana safi kwa nje huku injini inachemka. Ioshwe kila wiki wakati wa kiangazi, maji yasukumwe kutoka upande wa feni kwenda nje, kwa presha ndogo isiyokunja mapezi.

Maji ya visima ya Dodoma yana chumvi nyingi, na mnaona utando mweupe kwenye sufuria. Utando uleule unashika ndani ya rejeta na silinda hedi, na joto linashindwa kutoka. Msijaze maji ya bomba. Tumieni kipozeo kilichochanganywa tayari, au kipozeo na maji yasiyo na chumvi (yale ya kuongezea betri, siyo asidi) nusu kwa nusu, na mbadilishe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji.

Ndani ya basi, vumbi huingia kwa nyuma. Gari linalotembea linaacha msukumo mdogo wa hewa mgongoni mwake, na kila upenyo wa mlango wa nyuma, mfuniko wa injini na taa unavuta vumbi ndani. Mkifunga madirisha yote huku mipira ya nyuma imechoka, vumbi linazidi. Mkifungua tundu la paa la mbele likiangalia mbele, hewa inaingia kwa nguvu, inajaza basi na kulisukuma vumbi nje. Abiria wengi hawajui hili, na makondakta wengi wanafunga tundu hilo kwa kuhofia vumbi.

Joto la hapa ni kavu. Kivuli na hewa inayopita vinatosha kwa saa nyingi za siku, kwa hiyo paa liwe jeupe, kati ya bati la nje na dari pawe na sentimita 4 hadi 5 za kizuia joto, matundu mawili ya paa yenye feni, na madirisha yanayofunguka theluthi ya juu. Kiyoyozi cha basi la mita 12 kinahitaji uwezo wa kupoza wa kilowati 24 hadi 36, kinaongeza mafuta, na kwenye ruti ya vituo vya karibu baridi inatoka mlangoni. Mkitaka kuwa nacho kwa ajili ya safari za moja kwa moja za asubuhi, sawa. Ila msinunue kamwe basi lenye vioo visivyofunguka, kwa sababu siku kompresa ya kiyoyozi ikifa gari zima halifai kubeba mtu.

Jambo moja dogo linasahaulika: Mtumba iko mashariki mwa mji. Asubuhi dereva anaelekea kwenye jua, jioni anarudi akiwa analitazama tena. Kizuia jua kipana na kioo cha mbele kisicho na mikwaruzo ni usalama wa watu 75.

Injini, gia na mafuta

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho na inatoa moshi. Yenye turbo haioni tofauti kubwa. Kwa tani 16 hadi 17, takeni nguvu farasi 220 au zaidi, na msisitizo uwe kwenye nguvu ya kuvuta mzunguko ukiwa chini.

Gia za kujibadilisha zenye kigeuzi cha mafuta na kipunguza mwendo ndani yake ni uwekezaji bora kwa ruti ya vituo. Aliyesimama hayumbishwi, hakuna klachi ya kuungua, na lainingi za breki zinadumu zaidi kwa sababu kipunguza mwendo kinafanya sehemu ya kazi. Sharti lake ni oili sahihi na filta kwa wakati. Anayetia oili yoyote nyekundu ataua giaboksi ambayo haitengenezeki kirahisi mjini. Kama hamna imani na usimamizi wa oili, bakini na gia za mkono na mfundishe madereva kuondoka kwa gia ya kwanza, siyo ya pili.

Mfumo wa moshi uendane na mafuta. Dizeli ya viwango vya Afrika Mashariki inaruhusu salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mafuta hayo injini ya kiwango cha moshi cha Ulaya, Euro III au IV, inaishi kwa amani. Euro VI imetengenezewa salfa isiyozidi 10, ina chujio la masizi na maji ya urea, na safari fupi za kusimamasimama haziipi joto la kujisafisha. Popote mtakaponunua dizeli, wekeni chujio la kutenganisha maji kabla ya pampu na mlimwage kila asubuhi. Nozeli za presha kubwa haziwasamehe wanaojaza kwa dumu.

Basi la umeme ndilo tulivu kuliko yote na lina vitu vichache vya kuharibika. Linakula kama uniti 1 hadi 1.3 kwa kilomita. Kwa kilomita 180 kwa siku, mabasi kumi yanahitaji uniti 1,800 hadi 2,340 kila usiku, yaani karibu kilowati 225 hadi 290 kwa saa nane mfululizo. Hiyo ni transfoma yenu wenyewe na yadi yenu wenyewe. Mkiwa na yadi, rudini kwenye suala hili.

Likiwa limetumika

Mabasi ya Japani yana mlango kushoto kama yetu. Yale ya Ulaya bara yana mlango kulia, na kuuhamisha ni kukata nguzo za bodi, yaacheni. Tafuteni Isuzu Erga yenye injini ya 6HK1 au Hino Blue Ribbon yenye J08, kwa sababu injini hizo ziko pia kwenye malori na vipuri vinapatikana.

Kwenye ukaguzi, anzeni chini ya gari kabla ya injini. Japani ya kaskazini wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na basi linalong'aa juu linaweza kuwa limeliwa chini. Gongeni kwa nyundo ndogo boriti za sakafu karibu na ekseli ya nyuma na chini ya mlango wa kati. Sauti butu ni kutu. Kisha gia: kwenye mabasi hayo gia ya mkono mara nyingi husukumwa kwa upepo, maana injini iko mita kumi kutoka kwa dereva. Ikiingia kwa kusitasita, maji yamefika kwenye vali zake. Angalieni taa ya chujio la masizi; likiwapo, dereva afundishwe kubonyeza kitufe cha kulisafisha na kusubiri kama dakika 20 gari likiwa limesimama, asiipuuze taa hadi injini ijipunguzie nguvu.

Mitaa ya ndani

Kwa njia zinazoishia kwenye udongo, basi la mita 7 hadi 9 lenye injini mbele na springi ndefu za majani machache ndilo linalofaa. Tumbo la juu, mzunguko mdogo kwenye kona, rejeta mbele. Ila ombeni mlango wa sentimita 90, ngazi ya kwanza isiyozidi sentimita 40, mfuniko wa injini wenye kizuia joto, na njia isiyo na viti vya kukunja. Costa zenu nzuri zihamie huko. Kuziuza zote itakuwa hasara.

Kabla ya kusaini

Kwa mabasi kumi, pangeni manane barabarani, moja kwenye sevisi ya zamu, moja la akiba. Mkiyatoa yote kumi kila siku kwa ajili ya hesabu, sevisi itafanyika siku ya kuharibika. Stoo iwe na mifuko ya springi minne, vali za usawa tatu, silinda za mlango nne, katriji za kikausha kumi, fenibelti seti tano, kompresa ya upepo moja, alterneta moja, stata moja na vioo vya mbele viwili. Muuzaji akabidhi pia kitabu cha vipuri, mchoro wa nyaya na kifaa cha kusoma makosa ya injini, maana bila kifaa hicho mtakuwa mnabadilisha vifaa kwa kubahatisha. Bodi na idadi ya viti zionyesheni LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, zikiwa bado kwenye karatasi.

Andikeni kila tukio lililomfanya abiria ahamishwe au zamu ikatwe, na sababu yake. Mabasi manane yakitembea kilomita 180 kwa siku 26 ni kilomita 37,440 kwa mwezi. Mkikwama mara 12, ni mara moja kwa kilomita 3,120. Namba hiyo, ikigawanywa kwa sababu za mlango, upepo, joto, umeme na klachi, ndiyo itakayowaambia basi linalofuata lirekebishwe nini.

Jaribio la kununua lifanyike kwa basi lililojaa. Pakieni mifuko 90 ya mchanga ya kilo 50 kwenye viti na njia, ambayo ni tani 4.5, mwende Mtumba na kurudi mara tatu saa nane mchana, mkisimama kila kituo na kufungua milango yote. Mmoja wenu akae kiti cha mwisho kabisa, mwingine asimame mlango wa kati, wa tatu asome geji ya joto na ya upepo kila kituo. Geji ya joto ikipanda bila kushuka gari likiwa linatembea, au upepo ukashuka chini ya mstari mwekundu kwa kufungua milango tu, gari lirudi kwa muuzaji. Na kwenye mkataba, asilimia 10 ya bei ibaki mikononi mwenu hadi kila basi litimize kilomita 10,000.